Mwalimu wa Mazoezi Si Kiraka cha Ikama

Kila mwaka, vyuo vikuu vinapofunga mwezi Julai, maelfu ya wanafunzi wa shahada za ualimu husambaa katika shule za sekondari nchini kufanya mazoezi ya kufundisha. Hukaa huko wiki sita hadi nane, kutegemea chuo. Watoto huwaita "walimu wa fildi", na kwa kawaida huwapenda: ni vijana, wanacheka nao, na bado hawajachoka. Mkuu wa shule naye huwapokea kwa furaha, ila furaha yake ina sababu nyingine. Kabla mgeni hajaonyeshwa hata kiti cha kukalia katika ofisi ya walimu, mwalimu wa taaluma amekwisha kuliandika jina lake kwenye ratiba. Kidato cha kwanza A, B na C. Kidato cha pili A na B. Siku ya pili au ya tatu kijana yuko mbele ya darasa, peke yake, na mwalimu ambaye vipindi hivyo vilikuwa vyake amehamia kidato cha nne, ambako mitihani ya moko inakaribia, au amepata mwanya wa kushughulikia mambo yake.

Hayo ndiyo tunayoyaita mazoezi. Kwa maoni yangu, jina lake halisi ni kuziba pengo la ikama kwa mtu asiyelipwa mshahara. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mwanafunzi wa ualimu anapaswa kukabidhiwa darasa kidogo kidogo, kwa mpangilio ulioandikwa, mwenye darasa akiwapo. Na kwamba shule isiyoweza kumpa mwalimu mwenyeji wa somo lake haifai kupangiwa mwanafunzi huyo peke yake, hata kama upungufu wake ni mkubwa kiasi gani. Najua sehemu ya pili ya hoja hiyo itawaudhi wengi. Nitaifikia.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumtathmini mwanafunzi wetu katika shule moja ya kata, mikoa ya kati. Alikuwa binti makini, mwenye alama nzuri za hisabati. Hiyo ilikuwa wiki yake ya tano. Alikuwa na vipindi 24 kwa wiki, katika mikondo minne, na chumba nilichomkuta kilikuwa na watoto wapatao 80, watatu watatu kwenye madawati ya wawili. Maandalio yake ya somo yalikuwa yamepangwa vizuri kwenye faili, kila moja na safu zake zote zimejazwa, kama tulivyomfundisha. Baada ya kipindi tulikaa chini ya mti, nikamuuliza nani mwingine amewahi kukaa nyuma ya darasa akamtazama anavyofundisha. Akajibu, "Wa kwanza ni wewe, Dokta." Nikamuuliza yeye amewahi kumtazama nani akifundisha tangu afike. Akatabasamu tu.

Nilipokwenda ofisini kuaga, mkuu wa shule, mama mtu mzima aliyeipenda shule ile kwa dhati, aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Daktari, mimi nakushukuru kwa kuniletea huyu mwanangu. Kidato cha pili hawa hawajaingiliwa na mwalimu wa hisabati tangu Februari. Nakuomba usiniondolee mapema." Hapakuwa na ubaya wowote katika ombi hilo. Alikuwa na watoto wasio na mwalimu, akaletewa mtu anayejua hisabati, akamtumia. Katika nafasi yake, wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo nisieleweke kwamba nawalaumu wakuu wa shule. Ninachouliza ni nini hasa yule binti alijifunza katika wiki zile nane, na watoto wale 80 walijifunza nini kutoka kwa mtu ambaye naye hakuwa na wa kumuuliza.

Tuangalie fani nyingine. Daktari akishamaliza shahada yake hufanya kazi mwaka mzima hospitalini chini ya usimamizi kabla ya kupata usajili kamili. Hakuna anayempa kisu na chumba cha upasuaji siku ya pili kwa sababu hospitali haina daktari bingwa. Mwanasheria hupitia Shule ya Sheria kabla ya kuvaa joho mahakamani. Hata utingo wa lori hukaa miezi mingi pembeni ya dereva kabla hajaachiwa usukani, tena huanzia kwenye barabara ya vumbi isiyo na magari. Mtoto wa mwenzetu, inaelekea, ndiye mzigo pekee tunaoweza kumkabidhi mtu asiyejua njia.

Utaratibu wa kukabidhi kazi kidogo kidogo ni wa zamani kuliko vyuo vyenyewe. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Lave, alifanya utafiti katika miaka ya 1970 miongoni mwa mafundi cherehani wa Kivai na Kigola mjini Monrovia, Liberia. Aliona kwamba wanagenzi hawakujifunza kazi kwa mfuatano uleule ambao nguo hutengenezwa. Walianza mwishoni. Kwanza walipiga pasi, walishona vifungo na kukunja pindo kwa mkono. Baadaye walishona vipande vilivyokwisha kukatwa. Kukata kitambaa, ambako ndiko nguo inakoanzia, kulikuja mwisho kabisa. Sababu mojawapo inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibaraza cha fundi: kifungo kilichokaa upande hufumuliwa, bali kitambaa kilichokatwa vibaya ni hasara. Lakini kuna sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Anayemalizia nguo za mwenzake hupata kuliona umbo lote la kazi. Akifika kwenye kukata, anajua tayari mstari huu wa chaki utakuja kuwa nini.

Darasani, pindo na vifungo ni yapi? Naamini ni kusahihisha madaftari. Najua tendo hilo limechafuliwa jina. Katika shule nyingi mwalimu wa mazoezi hutwishwa rundo la madaftari kama adhabu ya ugeni, akae nalo peke yake hadi saa kumi jioni. Hilo silo ninalolizungumzia. Nazungumzia mwanafunzi wa ualimu na mwalimu mwenyeji wakikaa meza moja na madaftari 20, katika wiki ya kwanza, kabla kijana hajasimama mbele ya mtu yeyote.

Chukua zoezi jepesi la aljebra. Mtoto ameandika kwamba 2a + 3b ni 5ab. Kijana wa chuo ataweka alama ya kosa na kuendelea. Mwalimu mzoefu atamzuia. Atamwonyesha kwamba kosa hilohilo limo kwenye madaftari tisa kati ya yale 20, na kwamba watoto hawa hawakukosea kwa uvivu. Wamefundishwa miaka saba kwamba alama ya kujumlisha ni amri ya kutenda jambo hadi lipatikane jibu moja. Jibu ambalo bado lina alama ya kujumlisha ndani yake, kwao, ni jibu ambalo halijaisha. Kisha wanafungua madaftari mengine na kukutana na kosa la aina tofauti: mtoto amekokotoa sawasawa kabisa, lakini swali silo. Alitoka shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza Januari, na maswali ya mafumbo sasa yanaandikwa kwa Kiingereza. Hesabu anaijua. Sentensi ndiyo iliyompiga chenga. Mwanafunzi wa ualimu aliyeyaona haya mezani, akiwa ametulia, ataingia darasani akiwa anajua watoto wanakwama wapi. Asiyeyaona atafundisha kile alichokiandika kwenye andalio la somo, kwa sauti nzuri, na ataondoka akidhani wameelewa kwa sababu waliitikia "Yes, sir".

Kutoka hapo mambo hufuatana yenyewe, na sina haja ya kuyachambua yote. Ajifunze majina. Apewe dakika kumi za mwanzo wa kipindi, za kukumbushia somo lililopita, mwenye darasa akiwa ndani. Asimamie kundi moja wakati mwalimu anazungukia mengine. Afundishe somo moja kwa andalio la mwenyeji, kisha moja kwa andalio lake mwenyewe, kisha mada nzima katika mkondo mmoja, hadi kutunga jaribio na kulisahihisha. Mkondo wa pili uongezwe pale wa kwanza unapokwenda vizuri. Katika wiki ya tano au ya sita, ndiyo, mwenyeji atoke nje na amwachie darasa zima, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu hayajui mpaka awe peke yake na macho 80 yanamtazama. Kuachwa peke yake kwa namna hiyo ni hatua aliyoifikia kwa miguu yake.

Na kuna hatua moja tunayoisahau kabisa: kurudisha. Walimu wa mazoezi wengi huondoka siku moja ya Ijumaa, watoto wakalia kidogo, na Jumatatu mwenye darasa anarudi bila kujua mada imefika wapi, nani alikuwa ameanza kuelewa na nani aliachwa. Madaftari mengine yamebaki kwenye kabati bila kusahihishwa. Wiki ya mwisho ingekuwa ya kukabidhi darasa tena kwa mwenyewe, kama vile mlinzi wa usiku anavyokabidhi lindo asubuhi.

Zipo hoja mbili za kunipinga ambazo husikika sana katika vikao vyetu. Ya kwanza huletwa na walimu wa zamani: "Sisi tulitupwa darasani siku ya kwanza, na tumekuwa walimu." Ni kweli, lakini tunaowasikia wakisema hivyo ni wale waliobaki. Waliokata tamaa wakaenda kuuza vifaa vya simu hawahudhurii vikao hivyo. Wala hawahudhurii watoto waliofundishwa katika miezi ile ya kutapatapa. Tena, wengi waliobaki walijifunza jambo moja haraka kuliko yote, nalo ni kuzima kelele. Mtu aliyeachwa na watoto 80, asiye na mbinu wala wa kumuuliza, huokota kilicho karibu na mkono wake, na katika shule zetu kilicho karibu ni fimbo.

Mwaka 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya. Wahusika waliondolewa vyuoni mwao, na sina neno la kuwatetea. Kanuni za adhabu ya viboko ziko wazi: mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viboko havizidi vinne. Kwa hiyo swali la nidhamu ya vijana wale lilijibiwa. Swali ambalo sikumbuki tukilijadili kwa uzito uleule ni lile la mpangilio wenyewe: mwalimu wa mazoezi anapaswa kuwa na mamlaka gani juu ya mtoto, kuanzia lini, na nani anakuwa karibu? Tuliadhibu watu, na tukaacha utaratibu kama ulivyokuwa.

Hoja ya pili ni ya yule mkuu wa shule, nayo ni nzito: bila wanafunzi wenu, hawa watoto hawana mtu. Hapa yafaa tukumbuke historia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, walimu hawakutosha, na serikali ikaamua kuwaandaa vijana waliomaliza darasa la saba hukohuko vijijini. Makumi ya maelfu walipitia mpango ule. Ulikosolewa sana kwa ubora wake, na lawama nyingi zilikuwa za haki. Lakini hata katika dharura ile kulikuwa na umbo: kijana alifundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu nyingine, alipata masomo ya posta na ya redio, na alikuwa na waratibu wa kumfuatilia. Miaka thelathini baadaye, sekondari za kata zilipochipuka kila mahali, tuliwachukua vijana waliotoka kidato cha sita, tukawapa mafunzo ya wiki chache na kuwapeleka madarasani. Wananchi, ambao hawakosi jina la kila kitu, waliwaita "voda fasta". Jina lile lilikuwa hukumu. Liliwaangukia vijana wenyewe, ambao baadhi yao walikuwa na kipaji, badala ya waliowatuma.

Kila dharura imetufundisha tabia ileile: wingi wa watoto ukiongezeka, muda wa kumwandaa mwalimu ndio unaokatwa kwanza. Na dharura nyingine tunaijua tarehe yake. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita na elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Waliokuwa darasa la tatu mwaka ule watamaliza darasa la sita mwaka 2027, sambamba na wale waliowatangulia, ambao watakuwa wakimaliza darasa la saba. Januari 2028, makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Serikali inajenga madarasa, na hilo ni jema. Lakini kila mtumishi aliyewahi kukaa katika ofisi ya elimu ya halmashauri anajua kishawishi kitakachokuja Julai ya mwaka ule: kuna mikondo isiyo na walimu, na kuna maelfu ya vijana wa vyuo wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Ndiyo maana naandika sasa na si wakati huo.

Nilisema nitaifikia ile sehemu ya kuudhi. Shule isiyo na mwalimu hata mmoja wa fizikia haina mazoezi ya fizikia ya kumpa mtu yeyote. Ina nafasi ya ajira. Nafasi hiyo ijazwe kwa ajira, au kwa mkataba wa muda wenye malipo. Kuna wahitimu wa ualimu mitaani wasio na kazi, wenye vyeti tulivyowapa wenyewe. Kumpeleka pale mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili ni kumficha mwajiri pengo lake. Mwajiri akiona ratiba imejaa majina, hawezi kuhangaika.

Je, shule za pembezoni ziachwe? La. Lakini kama ni lazima tupeleke wanafunzi huko, waende wawili wawili wa somo moja, darasa moja. Mmoja akifundisha, mwenzake akae nyuma na daftari, aandike: swali gani liliulizwa, nani alijibu, nani hakutazama ubao kwa dakika 40. Jioni wakae na kusemezana, wakibadilishana zamu kesho yake. Hawatakuwa na mwalimu mzoefu, lakini hakuna atakayekuwa peke yake. Gharama ya chuo haiongezeki hata senti moja. Idadi ya wanafunzi ni ileile, tunachobadilisha ni mgawanyo. Kitakachopungua ni idadi ya vipindi ambavyo shule inaonekana kuzibiwa, na hapo ndipo nitakapojua kama tunazungumzia mafunzo au jambo jingine.

Kuhusu mwalimu mwenyeji, sitaki kumpamba kwa sifa. Anabeba kazi ya chuo kikuu, na mara nyingi hapunguziwi hata kipindi kimoja. Tukimtaka akae meza moja na mwanafunzi wetu saa tatu kwa wiki, saa hizo zihesabiwe kwenye mzigo wake wa kazi na ziandikwe kwenye tathmini yake ya utendaji. Vyuo vikipata posho ya kuwatuma wahadhiri mikoani, fungu lake na lionekane humo. Na sisi wahadhiri ziara yetu ya kwanza iwe katika wiki ya pili, bila karatasi ya alama. Mhadhiri anayefika wiki ya sita, akiwa na shule tatu za kumaliza siku hiyohiyo na dereva anawasha gari, anaweza kutoa alama. Kumsaidia mtu hawezi, muda umekwisha.

Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hayo. Barua ya kumtambulisha mwanafunzi wa mazoezi, inayopita kwa mamlaka za mkoa na halmashauri hadi kwa mkuu wa shule, kwa kawaida ina aya tatu fupi: inamtaja mwanafunzi na masomo yake, inataja tarehe za kuanza na kumaliza, na inaomba apewe ushirikiano. Ninapendekeza kwa wenzangu wa vyuo, na kwa maafisa wa TAMISEMI wanaosoma hapa, iongezwe aya ya nne:

"Mwanafunzi huyu asipangiwe kipindi cha kufundisha peke yake katika wiki mbili za kwanza. Mwalimu mwenyeji wa somo lake atajwe kwa jina kabla hajaripoti. Jumla ya vipindi vyake isizidi 12 kwa wiki hadi mwisho wa mazoezi. Pale ambapo masharti haya hayawezekani, mkuu wa shule anaombwa amrudishe chuoni kwa maandishi, na nakala ya barua hiyo ipelekwe kwa Afisa Elimu kama taarifa ya upungufu wa mwalimu."